Barua kwa Mwanangu: Koili ya Tatu

Mwanangu, mama yangu,

Sisi huku Morogoro wazima. Mama yako bado anagombana na kuku wa jirani. Simu yako ya juzi imenikosesha usingizi. Ulisema tangu wakupe usimamizi wa zamu huna amani, kwamba yule kijana wa mashine ya kufungasha alikusahihisha mbele ya wenzake, na ukamaliza kwa "Baba, heri nirudi nilikokuwa." Sikukujibu. Unanijua, kwenye simu mimi si msemaji.

Nikuulize: alichosema kilikuwa kweli? Umenieleza sauti aliyotumia, umenieleza nani alicheka, hilo hukuligusa hata kidogo. Ndipo nikajua ugonjwa huo mimi nimeshauugua.

Unaikumbuka gereji yetu ya Msamvu, chini ya mwarobaini. Mimi nilikuwa fundi wa kabureta. Peugeot 504 ikiwaka nilisimama pembeni nikaisikiliza, nikasema pointi zimeungua, na kweli zimeungua. Watu walitoka Kilosa kunifuata. Halafu zikaja injini za sensa, zile zinazojipima zenyewe kwa umeme, nami nikaendelea kusikiliza vilevile.

Siku moja ikaletwa Toyota IST, inamisi, inatetemeka kama mwenye homa. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha tena, nikasema zile za kwanza zilikuwa feki. Nikasafisha nozeli. Siku ya tatu mwenye gari bado anapanda daladala. Dogo aliyekuwa akinishikia spana akasema, "Mzee, naomba nijaribu kitu." Nikamtuma chai.

Niliporudi kutoka kuswali adhuhuri nikamkuta amechomeka kimashine cha kuazima, kile cha kusoma makosa ya injini, chini ya usukani. Kinasema silinda ya tatu haichomi. Sasa sikiliza alichofanya, maana hapo ndipo nilipomvulia kofia. Hakukimbilia dukani. Injini ile kila silinda ina koili yake, ile inayoipa plagi umeme wa kutoa cheche, imekaa juu ya plagi. Akachomoa ya tatu akaiweka kwenye ya pili, ya pili akaileta kwenye ya tatu, akafuta kosa, akawasha. Kosa likahamia silinda ya pili. Mgonjwa kajulikana: koili.

Mwenye gari alikuwepo, na mafundi wawili wa jirani. Unajua nilisema nini? Nilisema nami nilikuwa naelekea hapohapo. Mpaka leo nikikumbuka nazitazama ndala zangu.

Kujifunza kwenyewe hakuumi, mwanangu. Kinachouma ni kuonekana unajifunza, ukiwa na mvi na watu wanakuita fundi mkuu. Ilinichukua usiku mzima. Asubuhi nikavuta kigoda, nikamwambia, "Nifundishe hicho kimashine, anza mwanzo kabisa." Majirani walicheka kama wiki moja, kisha wakaanza kumletea magari yao. Na ubosi sikuupoteza. Bei niliendelea kupanga mimi, wateja wakali nikawapokea mimi, ufunguo wa stoo ukabaki mfukoni mwangu.

Babu yako alipenda kumtaja Mzee Kawawa, na siku hizi namwelewa zaidi. Januari 1962, uhuru haujatimiza hata miezi miwili, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama, na kiti akakishika Kawawa. Desemba mwaka uleule nchi ikawa jamhuri, Mwalimu akarudi akiwa Rais, Kawawa akawa makamu wake. Mwaka 1972 akawa waziri mkuu tena. Mwaka 1977 kiti hicho akapewa Sokoine, mdogo wake kwa miaka kumi na miwili, na Kawawa akaenda kwenye Ulinzi, wizara aliyotoka Sokoine mwenyewe. Wengine wangedai wamedhalilishwa, wakaenda kulima. Yeye alikaa kazini, na majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978, waziri wa ulinzi alikuwa yeye. Babu yako alikuwa akisema, "Huyo cheo alikivua kama koti." Mimi nilidhani anasifia upole tu.

Sasa, Jumatatu. Kama kijana alisema kweli, mwambie hivyo mbele ya zamu ileile, na umwombe akuonyeshe mashine inavyokwenda. Usimwite ofisini kwa hilo. Alikusahihisha hadharani, na shukrani iwe hadharani. Kama alikuwa na dharau, hiyo ni kesi nyingine, mwite pembeni siku nyingine. Usizichanganye, maana ukichanganya utamwadhibu kwa kuwa sahihi. Na ratiba, na usalama wa watu, na nani apumzike, hayo ni yako. Usimwachie.

Mama yako anauliza kama kitenge kimefika.

Dogo siku hizi ana gereji yake Kihonda. Jana nimeletewa gari linalotumia petroli na umeme pamoja, boneti sijaigusa. Nimempigia, amesema nije Jumamosi, na nisisahau daftari.

Baba yako