Mwanzo wa filamu yetu

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini wote wazima hapo Tanga, na mama miguu imepoa. Sisi hatujambo, ila joto la mji huu unalijua.

Nakuandikia kuhusu mwanzo wa filamu yetu ya chuo, maana kwenye simu hatutamaliza. Wenzetu wanataka tufungue na kisu, damu sakafuni na mtu anapiga ukunga. Nimekataa, na naomba uwe upande wangu kabla hatujaanza kushuti.

Tumesema filamu yetu ni ya taharuki ya kisaikolojia. Filamu ya kutisha humwambia mtazamaji kuna kitu nyuma ya mlango. Yetu imfanye ajiulize kama mlango umegongwa kweli. Kumbuka mwongozaji Hitchcock alivyomweleza mwongozaji mwenzake Truffaut mwaka 1962: bomu likilipuka ghafla chini ya meza, watu watashtuka kwa sekunde 15, wakijua liko pale na waliokaa mezani hawajui, watahangaika dakika 15 nzima. Filamu yake Psycho ya 1960 inaanza mchana kweupe. Tunaona majengo ya Phoenix, tarehe na saa zimeandikwa kwenye skrini, kisha kamera inasogea taratibu hadi kwenye dirisha moja na kupenya ndani. Hajafa mtu bado, lakini wewe uliyekaa kwenye kiti umeshakuwa mchunguliaji.

Basi na sisi tuanze saa kumi jioni. Chumba cha kupanga Manzese, jua linapita kwenye nondo za dirisha na kuchora mistari ukutani. Dada yuko kitandani ndani ya chandarua anaongea na mama yake kwenye simu: "Mama, naishi mwenyewe, usiwe na wasiwasi." Kamera inateremka hadi mlangoni. Pale chini kuna ndala jozi mbili, zote zimelowa. Tusieleze chochote, tuendelee.

Kamera nayo ikae ndani ya chandarua, tuone chumba kama anavyokiona yeye, kwa ukungu. Kioo cha kabati kiwepo lakini kionyeshe bega lake tu, maana vioo vimetumika mno kwenye filamu za namna hii. Kulaza kamera upande nimeruhusu mara moja, anaposimama. Tukiilaza kila shoti, jicho litazoea na haitasema kitu.

Ila mzigo mkubwa ni wa sauti, na hapo ndipo nakuhitaji. Fidla kali za Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa Psycho, kwenye ile sini ya mauaji bafuni zimeigwa hadi zimechakaa, na Hitchcock mwenyewe mwanzoni alitaka sini ile isiwe na muziki kabisa. Sisi tuna muuza kahawa. Anakuja kwenye kichochoro akigonganisha vikombe, sauti ambayo kila mtu wa Dar anaijua na haimwogopeshi yeyote. Anakaribia, anapita chini ya dirisha. Dada anachungulia: kichochoro kitupu. Vikombe vinaendelea kugongana. Mita ya umeme ya LUKU inalia kwamba uniti zinakwisha, yeye haisikii, anasikia vikombe tu. Hapo ndipo jina la filamu litokee.

Mmoja wetu ana hofu kwamba watazamaji watasema ni majini. Waache waseme! Mtazamaji wa kwetu ana njia tatu za kulielewa jambo hilo: kuna mtu, kuna jini, au dada anaumwa akilini. Zote tatu ziwe hai hadi katikati ya filamu, na nakuambia hiyo ni nguvu ambayo wengi wanaitupa dakika ya kwanza.

Uje Ijumaa na rekoda yako. Nimeshaongea na mzee mmoja muuza kahawa, tutamlipa muda wake. Nataka vikombe virekodiwe mbali kwenye kona, kisha chini ya dirisha, kisha ndani ya chumba kilichofungwa, magodoro yameegemezwa ukutani ili mwangwi wa kichochoro upotee. Tukihama kutoka sauti ya pili kwenda ya tatu bila kukata picha, mtazamaji atahisi tumeingia kichwani mwa dada hata kama hajui kwa nini.

Nijibu mapema kama utaweza kukaa hadi Jumapili, chumba tumepewa Jumamosi na Jumapili tu. Nisalimie wote.

Wako wa siku zote.