Barua ya wazi kwa wanandoa mlioko ughaibuni: tokeni ndani, na saa ingine kila mtu atoke kivyake

Wanangu,

Marahaba kwa wote, mlioniandikia na mnaosoma kimyakimya. Nimeona nikianza kuwajibu mmoja mmoja inboksi tutafika mwakani, na kwa kweli mnauliza kitu kile kile: mama, tumehamia huku na mwenzangu, kazi ipo, nyumba ipo, ila watu hatuna. Wikiendi nzima tuko ndani tunaangalia tamthilia mpaka macho yanauma, tukichoka tunagombana kuhusu vyombo, tunapatana, tunalala, Jumatatu hiyo. Mimi na baba yenu tumekaa nchi za watu miaka mingi na tumeona wanandoa wengi wakija na kuondoka, wengine wana marafiki mpaka wanakosa muda wa kupumzika, wengine wanaondoka hawana hata jirani wa kumwachia funguo. Kwa hiyo nasema ninachokijua, nikirefusha mtanivumilia.

Naanza na jambo ambalo hamtalipenda. Kinachowafungia ndani mara nyingi sio lugha, sio hali ya hewa, wala sio wenyeji kuwa wagumu. Ni nyie wenyewe kuwa wawili. Mtu aliyehama peke yake akikaa siku kadhaa hajaongea na mtu, upweke unamtoa nje kwa nguvu, atakwenda hata mahali asipopapenda ilimradi asikie sauti ya binadamu. Nyie hamsukumwi na kitu. Una mtu ndani anayejua utani wako, huhitaji kumweleza kwa nini jambo linachekesha, mnaongea lugha yenu, mnapika, mnakula, raha tupu. Sasa mwaka unakatika hivo hivo, alafu siku moja mnashtuka kila kitu kimemwelemea mtu mmoja: yeye ndo rafiki, yeye ndo ndugu, yeye ndo mshauri, yeye ndo wa kumlalamikia kuhusu bosi. Hamna mume wala mke anayeyaweza yote hayo jamani, hata akupende vipi.

Na mzigo wenyewe haugawanyiki sawa, maana mara nyingi mmoja ndo alipata kazi na mwingine alifuata. Hapa nataka tukae kidogo. Aliyeenda kazini ameongea na watu kutwa nzima, tena kwa lugha ambayo sio yake, akirudi nyumbani kichwa kimechemka anataka kimya. Aliyebaki ameongea na nani? Labda kijana aliyeleta mzigo, dakika moja mlangoni, saini hapa, asante. Kwa hiyo mlango ukifunguka tu, mwenzie hata begi hajatua, maneno ya siku nzima yanamwagika, hili umelionaje, lile umelisikia, mbona hujibu. Mmoja anaona anasumbuliwa, mwingine anaona hathaminiwi, na wote wana haki. Nimeona ndoa nzuri zikiharibikia hapo hapo mlangoni. Mnaweza kukaa vikao usiku kucha msilimalize, kwa sababu dawa haiko kati yenu, dawa ni yule aliyebaki apate watu wake. Nasema wake, sio wa kuazima ofisini kwa mwenzie. Kwenye pati za kazini yeye ni mke wa fulani au mume wa fulani, anaulizwa swali moja la adabu kisha watu wanarudi kwenye umbea wa ofisi yao.

Ndo maana nasema saa ingine kila mtu atoke kivyake. Mkienda wawili kwenye watu wapya mtajikuta pembeni mnaongea wenyewe, mnacheka wenyewe, na anayewatazama anaona hawa wametimia, hawahitaji mtu. Aliyekaa peke yake ndo husogelewa. Mmoja aingie kwaya, mwingine aende mpira, kila mtu awe na siku yake na watu wake, mkirudi mnakuwa na cha kusimuliana. Kuunganisha mtaunganisha baadae. Na yule mwenye kazi asinune mwenzie akipata kampani na kurudi saa tatu usiku anacheka. Mnanuna nini? Si ndo mlichokuwa mnakitaka.

Sasa watu wanapatikana wapi. Wasomi waliliangalia hili zamani, na nafurahi kwamba waliowaangalia walikuwa wanandoa. Leon Festinger na wenzake walichunguza nyumba za wanafunzi wenye ndoa pale chuo cha MIT, Marekani, kitabu chao kikatoka 1950. Wale watu walipangiwa nyumba tu, hawakuchagua majirani, lakini urafiki ukafuata milango: wa mlango wa pili walielewana kuliko wa mlango wa nne, na waliokaa karibu na ngazi wakajulikana na wengi zaidi kwa sababu watu walikuwa wanapita hapo kila siku. Sio kwamba walikuwa na roho nzuri kuliko wengine, walikuwa wanaonekana tu. Kwa hiyo kama bado mnatafuta nyumba, mimi ningechukua ndogo iliyo katikati ya watu kuliko ile kubwa ya mbali ambayo geti likifungwa basi, mpaka kesho.

Alafu kuna hesabu ya masaa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti wake, sehemu yake ikiwahusu watu waliohamia mahali papya, akapata kwamba ni kama masaa 50 kutoka kufahamiana mpaka kuwa marafiki wa kawaida, 90 hivi kuwa marafiki haswa, na zaidi ya 200 kuwa wa karibu sana. Piga hesabu sasa. Ukikutana na mtu masaa mawili kwa wiki, hayo 50 ni nusu mwaka, hayo 200 ni karibu miaka miwili, na wengi wenu mkataba ndo huo huo wa miaka miwili mitatu, yaani urafiki unaiva nyie mnafunga mabegi. Na masaa ya kuchapa kazi pamoja aliona hayasaidii sana, yanayojenga ni yale ya kukaa tu, kupiga stori, kucheza. Kwa hiyo wale mnaohudhuria kitu kipya kila wiki, leo hapa kesho kule, mnarudi na namba kibao za simu na rafiki hakuna, mnajichosha bure. Tafuta mahali pamoja, siku ile ile, nenda na uendelee kwenda mpaka siku usipotokea watu waulizane yuko wapi yule. Mwanzoni utaboreka. Utasimama na glasi mkononi hujui uanzie wapi, utajifanya unasoma meseji wakati simu haina meseji yoyote. Kila mtu kapitia hapo, usipahukumu mahali kwa siku ya kwanza.

Kama miguu inaruhusu kuna parkrun, zile kilomita 5 za Jumamosi asubuhi zilizoanzia London mwaka 2004, ni bure, ziko nchi nyingi, na asiyekimbia anatembea au anajitolea kusimama njiani kuelekeza wenzie. Hash House Harriers, vikundi vya kukimbia, ni wakongwe zaidi, walianza Kuala Lumpur mwaka 1938, Waingereza waliokuwa kazini ugenini kama nyie, ila muende mkijua kwamba huko kunywa na kukimbia vinakwenda sambamba. Klabu ya Rotary wengi mnaiona ya wenye pesa, mimi naipendea chanzo chake: Paul Harris alikuwa wakili aliyehamia Chicago, kazi anayo, marafiki hana, mwaka 1905 akakaa na wenzie watatu wakaanza kukutana kwa zamu kwenye ofisi zao. Mpweke ndo aliyeianzisha. Kwa hiyo mkikosa kundi, anzisheni la watu wanne, inatosha kabisa.

Na popote mtakapoingia, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi naongeza, usisubiri upewe, liombe mwenyewe. Mtu mwenye shughuli mkononi haoni aibu na wala hatafuti cha kusema. Panga viti, andika majina ya waliofika, osha vikombe baada ya mkutano. Stori tamu ziko jikoni kwenye kuosha vikombe, ukumbini ni salamu tu.

Kualika nako kunawashinda kwa sababu ya kuhesabu zamu. Tuliwaalika, hawajatualika, basi. Jamani, wenyeji wana ndugu zao, wana marafiki wa toka shule ya msingi, Jumamosi zao zimejaa, hawajui hata kama nyie mko ndani mnanuna. Alikeni tena. Wakikwepa mara ya tatu, sawa, waacheni kwa amani. Na mkialika taja siku, taja saa, taja nani wengine watakuwepo na mambo yanaisha saa ngapi. Ile "karibuni siku yoyote" ni adabu tu, siku yoyote haimo kwenye kalenda ya mtu.

Kuna jambo la lugha nataka mlisikie vizuri, hasa nyie ambao mmoja anaijua lugha ya huko na mwenzie bado anajikongoja. Mko mezani na wenyeji. Mtu anatoa utani, meza nzima inacheka, mwenzio anakugeukia, unamtafsiria haraka haraka kwa sauti ya chini, anapocheka yeye wenzie wameshafika kwenye stori ya pili, kimya, watu wanamwangalia. Akijaribu kusema sentensi yake aliyoiandaa toka asubuhi, wewe unaikosoa katikati, sio hivo, unasema hivi. Utaona ananyamaza, anaanza kukusanya makombo kwenye kitambaa, na safari ijayo anasema nenda tu mimi nimechoka. Msimkosoe mwenzenu mbele za watu hata kama amekosea sarufi yote. Muache akosee, watu wataelewa na watampenda zaidi kwa kujaribu. Na wewe usiwe mkalimani usiku kucha, nyanyuka, nenda hata nje kapige simu, wakibaki wenyewe wataelewana kwa ishara na vicheko. Mwenye kujikongoja naye aende darasani, tena darasa la watu, sio apu peke yake, maana darasani wote mnaongea vibaya na hamna wa kumcheka mwenzie.

Marafiki wa wanandoa kwa wanandoa ni kazi ngumu, msijilaumu. Lazima watu wanne wapatane kwa wakati mmoja. Mara nyingi wanawake wataelewana na wanaume watakaa wanaangalia dari, au kinyume chake. Haina shida, wanaoelewana waendelee, wengine wasalimiane tu. Msilazimishe nne nne kila mara.

Kuhusu watu wa kwenu mlioko nao huko, nitasema kwa tahadhari. Wana faida kubwa, siku ya msiba au ya ugonjwa ndo wa kwanza kufika. Lakini Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyeandika mwaka 1960 kuhusu mshtuko wa ugeni, aliona kwamba baada ya zile siku za mwanzo za kupendezwa na kila kitu, mtu akianza kukwama anajikusanya na wa kwao na kazi inakuwa kuwasema wenyeji. Mnayajua magrupu ya WhatsApp ya hivo. Asubuhi wenyeji ni wachoyo, mchana wenyeji ni wabaguzi, usiku wenyeji hawajui kupika. Ubaguzi upo, sikatai, na ukikukuta ongea na wanaokuelewa, usiumeze. Ila grupu ambalo ukitoka humo unamchukia hata jirani ambaye hajakukosea, likalishe kimya kwenye simu. Na simu za nyumbani zisiwe kila jioni muda ule ule ambao watu wa huko ndo wanatoka kukutana.

Mtazika urafiki mwingi kwa sababu watu wa ughaibuni wanaondoka, huyu kahamishwa, yule mkataba umeisha. Inauma, na wengi mkishaachwa mara kadhaa mnaanza kuwachunguza watu kabla ya kuwapenda, eti huyu anakaa muda gani. Mimi napendekeza mchanganye. Wageni wenzenu wanafunguka haraka kwa sababu nao wana njaa ya watu, wenyeji wanachelewa ila ndo wanaobaki. Mkiwa na wa aina moja tu, siku moja mtabaki na nyumba tupu.

Nimalizie na wale mlioniuliza kama msubiri fanicha zifike ndo mkaribishe watu. Msisubiri. Waiteni wiki hii, mwambieni kila mtu aje na mto wa kukalia, watu watano sita wanatosha, na nyie wawili mkubaliane kabla ya siku yenyewe nani anapokea wageni mlangoni na nani anasimamia jiko, na ishara gani mtapeana mmoja wenu akichoka anataka watu waondoke, maana hayo matatu ndo huwa mnayagombania wageni wakishatoka.

Wenu,
Mama