Jengo la wiki: vichuguu vya Turkana

Habari za jioni wanakikundi. Wiki hii hatuendi mbali: ni kampasi ya Startup Lions, chuo cha kuwafunza vijana teknolojia ya kompyuta, kando ya Ziwa Turkana, iliyokamilika 2021. Itazameni picha ya pili, ile minara iliyochomoza kama vichuguu. Si pambo. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu, ya baridi inaingia kwa matundu ya chini, na kompyuta zinapona joto. Mchwa walilijua hilo zamani; sisi bado tunajenga maboksi ya vioo halafu tunalia na bili ya umeme!

Msanifu wake ni Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya usanifu majengo duniani (2022). Alianza na shule ya kijijini kwao Gando, 2001: matofali ya udongo, na paa la bati lililoinuliwa juu ya dari ili upepo upite katikati. Hilo pengo nimelikuza kwenye simu mpaka macho yakauma.

Tunajadili Jumapili saa mbili usiku. Kila mtu alete picha moja ya jengo la ajabu mtaani kwake, aliyoipiga mwenyewe. Za kuokota mtandaoni nitazifuta, tusilaumiane.