Kidole jichoni kikatwe pointi mara ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaoendelea kumwita mpiganaji Mwingereza Tom Aspinall mwoga. Tarehe 25 Oktoba 2025, kule Abu Dhabi, alikuwa akitetea mkanda wa uzito wa juu wa UFC, shirika kubwa la Marekani la mapambano ya MMA (mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kukaba), dhidi ya Mfaransa Ciryl Gane. Raundi ya kwanza haijaisha, vidole vya Gane vikamwingia macho yote mawili. Daktari akaitwa, muda wa kupumzika ukatolewa, Aspinall akasema haoni. Pambano likafutwa bila mshindi, na ukumbi ukamzomea. Yaani aliyechomwa macho ndiye aliyezomewa!

Mimi ni mwalimu wa judo, na MMA naifuatilia kwa karibu. Kila likitokea la namna hii, watu hudai marufuku ziongezwe. Marufuku zipo tele. Kuchoma macho kulikatazwa tangu usiku wa kwanza wa UFC, Denver, Novemba 1993, wakati kuvuta nywele na kupiga kichwa kulikuwa ruksa na wapiganaji hawakugawanywa kwa uzito. Kinachokosekana ni adhabu.

Tazama pigo la kiwiko kinachoshuka wima, toka juu moja kwa moja hadi chini. Kilipigwa marufuku pale kanuni za pamoja za MMA zilipoandikwa New Jersey, Marekani, mwaka 2000. Mwamuzi mkongwe John McCarthy amesimulia kwamba wakubwa wa tume ya kusimamia michezo walikiogopa kwa sababu waliwahi kuona kwenye televisheni wanakarate wakivunja mapande ya barafu nacho. Kwa kiwiko hicho Jon Jones, aliyekuja kuwa bingwa wa UFC, aliondolewa mchezoni Desemba 2009 alipopigana na Matt Hamill, na hilo ndilo pambano pekee alilowahi kupoteza. Jones huyo huyo amelalamikiwa miaka nenda rudi kwa kunyoosha vidole usoni mwa wapinzani, na vidole havijawahi kumpotezea pambano. Novemba 2024 kiwiko kikaruhusiwa. Vidole vinaendelea na kazi yao.

Wanaopiga MMA hawavai glovu za ndondi. Glovu zao ni ndogo na vidole viko nje, maana bila vidole huwezi kumshika mtu wala kumkaba. Sasa mtazame mpiganaji mrefu anaporudi nyuma: mkono wa mbele anaunyoosha, kiganja wazi, vidole vimeelekea usoni, apime umbali na kumzuia mwenzake asisogee. Mwenzake akiingia kwa kasi, jicho linakutana na kidole. Mwamuzi anasema, "Funga mkono." Dakika mbili baadaye anasema tena. Kunyoosha vidole kuelekea usoni ni kosa kikanuni hata kama havijagusa kitu, lakini ni mara chache mno kuona mtu akikatwa pointi kwa hilo.

Waamuzi hujificha nyuma ya neno bahati mbaya. Aliyeumizwa akishindwa kuendelea na kosa likahesabiwa la makusudi, mkosaji hupoteza pambano. Likihesabiwa la bahati mbaya na pambano bado bichi, linafutwa na kila mtu anakwenda zake. Bingwa wa UFC Petr Yan alivuliwa mkanda Machi 2021 kwa goti alilompiga mpinzani wake Aljamain Sterling kichwani, Sterling akiwa chini, kwa hiyo ukali waamuzi wanao wakitaka. Kwenye judo, anayetanguliza kichwa kwenye mkeka wakati wa kurusha anatolewa papo hapo, ingawa shingo iliyo hatarini ni yake mwenyewe. Hatumuulizi alikusudia nini.

Ninachopendekeza ni chepesi: kidole kikigusa jicho na mwamuzi akalazimika kusimamisha pambano, pointi moja iondoke hapo hapo, hata kama ni mara ya kwanza. Watasema pointi moja kwenye raundi tatu inaweza kuamua pambano zima. Naam, ndiyo maana nataka ikatwe. Kocha akishapoteza pambano moja namna hiyo, Jumatatu atakuwa anawafunga vijana wake plasta vidoleni mazoezini mpaka wazoee kukunja ngumi.

Na waandaaji wa hapa kwetu wanaotaka kuleta mchezo huu wasisubiri wakubwa wa mchezo kule Las Vegas wabadilike. Mwamuzi aingie chumba cha kubadilishia nguo kabla ya pambano, awaambie wote wawili kwamba onyo la vidole wamelipata humo ndani, na ulingoni hakuna jingine.

Mwalimu wa judo,
Temeke, Dar es Salaam