Kujiuzulu sawa, ila tuambiwe

Mhariri, asalaam alaykum. Juzi hapa Jaws Corner, barazani kwetu Mji Mkongwe, kahawa zilitupoa kwa ubishi wa hawa viongozi wa kuchaguliwa wanaojiuzulu kabla ya muda, vijana wanaona jambo jipya wakati sie wazee twamkumbuka Mzee Aboud Jumbe, Januari 1984 kaingia kikao cha chama, CCM, Dodoma ni Rais wa Zanzibar katoka hana cheo, akaja Mzee Ali Hassan Mwinyi kushika nafasi yake. Na 2022 Spika wa Bunge Job Ndugai nae kaandika barua yake.

Mie simlaumu anaeachia ngazi, afadhali huyo kuliko mng'ang'anizi, lakini hii ya "sababu binafsi" mstari mmoja basi siitaki bwana! Kura kaziomba nyumba kwa nyumba kwa mdomo wake, na kuaga aje age kwa mdomo huo huo.

Msomaji, Mkunazini, Unguja