Mashine haijala mdundo

Mhariri,

Kwaya na bendi nyingi hapa Dodoma zinanunua mashine za ngoma (vifaa vya umeme vinavyopiga midundo) zilizokwisha tumika, na lawama inayofika mezani kwetu ni ileile: "Mashine imekula mdundo," yaani mdundo uliorekodiwa umepotea au umeharibika. Kwa kawaida haijala kitu.

Kwenye mashine nyingi, pateni (mdundo mfupi unaojirudia) unayorekodi hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda. Ukihamia pateni nyingine, au umeme ukikatika (na hapa unakatika), kabla hujabonyeza kitufe cha kuhifadhi, ukachagua namba na kuthibitisha, imepotea. Basi hifadhi kila baada ya kuongeza ala moja: kiki, hifadhi, snea, hifadhi. Tena tumia namba mpya, usiiandike juu ya ile ya jana.

Kuna ulaji mwingine, nao ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani: kwantaizi, yaani mashine kunyoosha mapigo yako kwa kuyasogeza hadi kwenye mgawanyo wake. Kwa hesabu ya MIDI (lugha ya mawasiliano ya ala za kielektroniki), pigo moja lina vipande 24. Ngoma zinazokwenda tatu-tatu, kama nyingi za huku kwetu, huangukia kwenye 0, 8 na 16. Ukiacha kwantaizi kwenye kumi na sita, yaani kila pigo limegawanywa mara nne (0, 6, 12, 18), mashine inazisogeza hadi 0, 6 na 18, na ngoma inachechemea. Mpigaji analaumiwa bure. Weka kwantaizi ya tatu-tatu kabla ya kurekodi, au punguza hatua za pateni kutoka 16 hadi 12. Mashine zinazonyoosha wakati wa kurekodi hazitunzi mapigo ya asili, hivyo hakuna kurudi nyuma.

Halafu betri. Roland TR-808 ya mwaka 1980 hutunza pateni kwa betri tatu ndogo za redio. Nyingi zilizofuata zina betri bapa ya lithiamu, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Ipime kwa mita; ikikaribia 2.7, ibadilishe. Nyingine imechomelewa kwa risasi, na fundi akiing'oa mashine ikiwa imezimwa, kumbukumbu yote inafutika. Kwa hiyo nakala itangulie, fundi afuate.

Nakala hutolewa kwa waya wa MIDI kutoka tundu la kutolea hadi kwenye kompyuta. Anza kupokea kwenye kompyuta, ndipo uiamuru mashine itume. Ukigeuza mpangilio huo, mwanzo wa faili unakatika. Vile viwaya vya bei ya chini vya kuunganisha MIDI na kompyuta humeza baiti kwenye faili ndefu. Tuma mara mbili, kisha linganisha ukubwa: zikitofautiana hata kwa baiti moja, tafuta waya mwingine.

Na anayerudisha nakala ajue kwamba kwenye mashine nyingi inafuta pateni zote zilizomo, zikiwemo zile alizotunga asubuhi.

Mafundi wa ala za kielektroniki,
Majengo, Dodoma.