Malalamiko kuhusu ziara ya Fatehpur Sikri

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

YAH: KUTOINGIZWA KWENYE KASRI LA MFALME AKBAR, INDIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ratiba mliyonitumia kabla sijalipa inaahidi ziara ya kasri la Fatehpur Sikri, mji wa kale aliojenga Mfalme Akbar, kiingilio kikiwa ndani ya bei. Siku yenyewe, mwongoza watalii wenu alitupeleka upande wa msikiti, akatupiga picha chini ya lango la Buland Darwaza, akatuonyesha kaburi la marumaru la Sheikh Salim Chishti, walii wa Kisufi, kisha akatangaza kuwa tumemaliza. Upande huo hauna kiingilio. Kasri, ambalo ndilo lenye tiketi na ndilo tulilolilipia, liko hapo jirani tu.

Nilipouliza, nikajibiwa kuwa muda hautoshi. Mbona ulitosha kutuweka zaidi ya saa nzima kwenye duka la bidhaa za marumaru, ambalo halimo kwenye ratiba na hakuna aliyeomba kupelekwa?

Mimi ni msanifu majengo, na kasri hilo ndilo lililonitoa Dar es Salaam. Nilijinunulia tiketi nikaingia peke yangu, nikawahi jengo moja, Diwan-i-Khas. Kwa nje utadhani lina ghorofa. Ndani ni ukumbi mmoja, na katikati imesimama nguzo ya mawe mekundu iliyochanua juu kwa mikono 36 ya kuchongwa, ikibeba jukwaa la duara. Kutoka jukwaani, vidaraja vya mawe vinakwenda kwenye pembe nne za ukumbi. Mafundi wa Akbar walilichonga jiwe kama seremala anavyochonga mbao! Jengo la Panch Mahal, lenye orofa tano na nguzo 176, nililipita mbio kwa sababu dereva alikuwa anapiga simu.

Wenzangu hawakuona hata hayo. Mama mmoja wa kundi letu amerudi nyumbani akiamini kwamba ule msikiti ndio kasri, na hilo linaniuma kuliko fedha.

Naomba mrudishe kiingilio kwa kila aliyekuwa kwenye safari ile, si kwangu peke yangu, na muwaeleze kwa maandishi kwamba kasri hawakulifikishwa. Duka nalo liondolewe, au liandikwe kwenye ratiba ili mteja aamue mwenyewe.

Nimeambatisha ratiba, risiti ya malipo na tiketi niliyojinunulia. Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja